Mnyama amekufa ghafla zizini: mwongozo kamili wa magonjwa ambayo sheria inataka uyatolee taarifa

Alfajiri moja, miaka yangu ya mwanzo kazini, niliitwa kwenye boma la mzee mmoja. Ng'ombe jike alikuwa amelala ubavu mlangoni mwa zizi, tumbo limefura kama ngoma, miguu imechomoza lakini haijakakamaa sawasawa. Puani ilikuwa inatoka damu nyeusi ya majimaji, haigandi. Jana yake jioni alikamuliwa vizuri tu na akala majani. Vijana wawili walikuwa wameshanoa visu, na mama wa boma ameinjika sufuria. Mzee akaniambia, "Mwanangu, tusikawie, nyama itaharibika."

Niliomba visu virudi ndani kwanza. Haikuwa rahisi, maana ng'ombe yule alikuwa ada ya shule ya mtoto, na nyama ilikuwa ndiyo pekee iliyobaki ya kuokoa. Siku ya tatu maabara ikajibu: kimeta. Watu kumi na zaidi wangekula mzoga ule.

Tangu siku hiyo, ninapofundisha sheria ya magonjwa ya mifugo sianzi na vifungu, naanza na visu vile. Mfugaji anadaiwa mambo matatu tu: atenge, atoe taarifa, asihamishe. Mengine yote ni kazi ya mtaalamu na ya serikali. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mfugaji wa Tanzania, lakini majirani wa Kenya na Uganda watakuta mambo mengi yanafanana, kwa sababu sheria zetu zimetoka kwenye shina moja na ng'ombe wetu wanavuka mipaka ileile.

Sheria zenyewe

Tanzania Bara sheria mama ni Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, Sura ya 156. Inamwagiza mwenye mnyama, au mtu yeyote anayemsimamia mnyama, kutoa taarifa akiona au akishuku ugonjwa ulioorodheshwa. Neno "kushuku" lina uzito. Usisubiri uwe na uhakika, na hakuna anayekutaka ujue jina la ugonjwa. Mchungaji wa kuajiriwa naye anahusika, na hata dalali aliyeshika kamba ya mnyama siku hiyo anahusika.

Chini ya sheria hiyo kuna kanuni, zikiwemo za mwaka 2007 zinazodhibiti usafirishaji wa mifugo na mazao yake. Pembeni yake kuna Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003, inayosema nani anaruhusiwa kutibu na kutoa vyeti, na Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya 2010, ambayo ndiyo asili ya hereni za masikioni. Zanzibar ina sheria zake, kwa kuwa mifugo si jambo la Muungano. Kwa hiyo anayevusha mbuzi kwenda Unguja au Pemba atambue kwamba anaingia kwenye mamlaka nyingine ya mifugo, yenye kibali chake.

Kenya wana Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364. Hiyo inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa amtenge na wenzake kadiri inavyowezekana, kisha atoe habari haraka kwa mkaguzi, daktari wa mifugo, afisa wa utawala au kituo cha polisi kilicho karibu. Polisi wametajwa kwa sababu nzuri: vijijini daktari wa mifugo anaweza kuwa mbali, lakini kituo cha polisi kipo.

Kwa nini serikali iingilie ng'ombe wako? Historia yetu inajibu. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe; Wamasai walibaki na njaa iliyosimuliwa vizazi na vizazi. Ugonjwa huohuo ulipoingia Ubelgiji mwaka 1920 kupitia bandari ya Antwerp, mataifa yalishtuka, na mwaka 1924 yakaunda shirika la afya ya wanyama mjini Paris, ambalo leo linaitwa WOAH. Mwaka 2011 sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Kilichofanya kazi ni chanjo, ambayo Walter Plowright aliiboresha pale Muguga nchini Kenya, pamoja na wafugaji waliokubali kusema "kwangu kuna ng'ombe anaumwa". Chanjo bila watu hao isingejua pa kwenda.

Magonjwa ya kukukosesha usingizi

Orodha ya sheria ni ndefu na hubadilishwa kwa tangazo, kwa hiyo sitaiandika yote. Nitataja yale ninayokutana nayo kweli, na dalili ambayo mfugaji anaweza kuiona bila kipimo.

Kimeta: kifo cha ghafla, mwili kuvimba upesi, damu isiyoganda puani, mdomoni au mkunduni.

Homa ya bonde la ufa: kondoo, mbuzi na ng'ombe kutupa mimba wengi kwa pamoja, na wana-kondoo kufa ndani ya siku moja mbili, hasa baada ya mvua kubwa na mbu wengi. Mimba moja ikitoka ni tatizo la kawaida. Zikitoka kumi ndani ya wiki moja, chukua simu.

Ugonjwa wa miguu na midomo: mate yanachuruzika, malengelenge ulimini na katikati ya kwato, ng'ombe anachechemea na maziwa yanakata. Wengi wanauita wa kawaida kwa kuwa ng'ombe mkubwa hafi. Ndama wanakufa, na minada inafungwa kwa ajili yake. Mwaka 2024 Uganda iliweka karantini katika wilaya nyingi kwa sababu ya ugonjwa huu peke yake.

Homa ya mapafu ya ng'ombe: kikohozi, kukonda, viwiko vimetanuliwa nje ili apumue. Huu ni mwizi wa polepole, unakaa miezi. Sotoka ya mbuzi na kondoo: machozi na makamasi mazito, vidonda mdomoni, kuhara, kundi zima kwa mpigo, ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008 kwenye wilaya za kaskazini, baada ya kusumbua Kenya. Ugonjwa wa mapele ya ngozi: vinundu vigumu mwili mzima, mitoki imevimba.

Homa ya nguruwe ya Afrika nimeiona ikimfuta mfugaji ndani ya wiki mbili. Masikio na tumbo vinakuwa vyekundu au zambarau, nguruwe wanajikusanya pembeni, wanakufa karibu wote. Haina tiba, na huku kwetu hatuna chanjo ya kuitegemea. Ilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, kwa hiyo ni ya kwetu hasa, na ngiri wanaibeba bila kuumwa.

Kwa kuku, mdondo (wengine huita kideri) na mafua makali ya ndege yanafanana machoni mwako: vifo vingi kwa ghafla. Ndiyo maana usijipe jibu mwenyewe eti "ni mdondo tu". Na kwa mbwa, kichaa, ambacho nitakirudia mwishoni.

Kama unatafuta kanuni moja ya kukumbuka, ni hii: wengi kwa pamoja, kufa ghafla, au kutupa mimba kwa mfululizo. Ukiona kimojawapo, toa taarifa.

Hatua ya kwanza: saa moja ya mwanzo

Mtenge mgonjwa. Kama ni kundi zima linaloumwa, litenge kundi na la jirani, kwa sababu kumtoa mmoja hakutasaidia. Usimpeleke malishoni wala kwenye josho au birika la kijiji. Kama mnaonywesha kwenye lambo moja, mpe mwenzako habari mapema ili abadilishe zamu.

Teua mtu mmoja wa kuwahudumia wagonjwa, na asiwahudumie wazima siku hiyo. Viatu vyake na fimbo yake vibaki zizini kwa wagonjwa. Watoto wasikaribie. Mjamzito asiguse mimba zilizotoka wala kusaidia kuzalisha, kwa maana mimba hizo zinaweza kubeba brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, au homa ya bonde la ufa.

Usichinje ili kuokoa nyama. Najua uchungu wake. Lakini mwaka 2007 homa ya bonde la ufa, iliyoanza kuonekana Garissa nchini Kenya mwishoni mwa 2006, ilipofika Arusha, Manyara, Dodoma na Morogoro, watu zaidi ya 100 walifariki Tanzania. Kati ya njia za kuambukizwa ilikuwa kuchinja na kushika damu, nyama mbichi na maziwa yasiyochemshwa. Mbu walianzisha, na mikono yetu ikamalizia.

Usiuze pia. Hapa naomba tuongee kwa uwazi. Wapo wanaokimbiza mgonjwa mnadani kabla hajaanguka, na wapo wanunuzi wanaowangoja kwa bei ya kutupa. Mnadani ng'ombe kutoka vijiji vingi wanasimama bega kwa bega, na jioni kila mmoja anaenda njia yake. Huwezi kubuni namna bora zaidi ya kuueneza ugonjwa hata ungeketi usiku kucha ukiwaza.

Na dawa? Usichome sindano kwa kubahatisha. Antibiotiki haitibu virusi, inaficha dalili, na inaweza kuharibu majibu ya maabara. Kama umeshachoma, mwambie daktari jina la dawa na siku. Hatakugombeza, anahitaji kujua.

Hatua ya pili: taarifa, na maneno ya kusema

Anza na afisa mifugo wa kijiji au kata. Asipopatikana, mtendaji wa kijiji, kisha daktari wa mifugo wa halmashauri. Taarifa ya mdomo inatosha kuanzia, lakini fuatisha ujumbe wa simu ili ibaki tarehe na saa. Ujumbe huo ni ulinzi wako pia: siku ikiulizwa nani alijua na lini, wewe una ushahidi kwamba ulisema.

Wengi hupiga wakasema "mifugo inakufa huku, njooni", kisha simu ikakatika. Afisa hajui aende na nini. Andika hivi:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji wa kitongoji fulani, kijiji fulani. Nina mbuzi 64 na kondoo 20. Tangu Jumatatu mbuzi 11 wanaumwa, 4 wamekufa. Wanatoa makamasi mazito, wanahara, midomo ina vidonda. Ng'ombe hawana shida. Wiki mbili zilizopita nilinunua mbuzi 3 mnadani. Hawajachanjwa mwaka huu. Nimewafungia, hawaendi malishoni. Mizoga 2 ipo, haijapasuliwa."

Ujumbe huo unamwambia daktari karibu kila kitu: aina gani imeguswa na aina gani imesalimika, kasi ya vifo, mlango ulioingiza ugonjwa, na kama kuna sampuli nzuri. Kwa maelezo hayo angeweza kushuku sotoka ya mbuzi kabla hajawasha pikipiki.

Ujue pia taarifa yako inakwenda wapi. Kutoka halmashauri inapanda mkoani na kwenye kituo cha kanda cha huduma za veterinari, hadi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari wizarani. Maafisa wengi sasa wanaituma kwa programu ya simu ya EMA-i iliyotengenezwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikiwa na mahali halisi pa tukio. Ugonjwa ulioorodheshwa na WOAH ukithibitishwa kwa mara ya kwanza katika eneo, au ukiwa na sura isiyo ya kawaida, nchi ina saa 24 za kulijulisha shirika hilo. Kama ugonjwa unaambukiza watu, upande wa afya unaarifiwa, na Dawati la Afya Moja lililo Ofisi ya Waziri Mkuu linaunganisha pande zote mbili. Kwa hiyo SMS yako kutoka kijijini inaweza kuwa imesomwa Paris ndani ya wiki. Isiandikwe kwa mzaha.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kwamba watafungiwa. Nawaelewa. Lakini hesabu iko hivi: ugonjwa ukishikwa kwenye boma moja, karantini inaweza kubanwa kwenye kijiji kimoja. Ukishikwa kwenye vijiji kumi, wilaya nzima inafungwa, mnada unafungwa, na wewe uliyenyamaza umo humo ndani pamoja na wote. Halafu sheria inahesabu kunyamaza kuwa kosa, lenye faini au kifungo.

Hatua ya tatu: daktari akifika

Muonyeshe mgonjwa wa leo au jana, asiyechomwa dawa, siyo yule aliyeanza wiki tatu zilizopita. Mkusanyie daftari la chanjo na vibali vya ununuzi. Mwambie kweli kuhusu wanyama waliotoka bomani: ulimgawia nani, nani aliazima dume, mwanao wa kiume alipeleka mbuzi wangapi wa mahari. Ufuatiliaji wa ugonjwa unapita kwenye njia za undugu zaidi kuliko za biashara, na karatasi haziandiki undugu.

Sampuli inakwenda kwenye maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, ambayo makao yake yako Temeke, Dar es Salaam, na ina vituo kanda mbalimbali kama Arusha, Mwanza, Tabora, Iringa na Mtwara. Lazima isafiri kwenye ubaridi, imefungwa tabaka zaidi ya moja, ikiwa na fomu. Usichukue sampuli mwenyewe ukampa kondakta wa basi. Nimeshaona chupa ya maji ya kunywa imejazwa damu na kufungwa kwa nailoni; ilivujia mizigo ya watu na haikupimika.

Mkaguzi ana mamlaka ya kisheria ya kuingia bomani, kuzuia wanyama, kuagiza waoshwe, wachanjwe, watengwe au waangamizwe. Nawe una haki ya kumwomba kitambulisho na kuomba amri yoyote iwe ya maandishi, yenye jina, tarehe, idadi na aina ya wanyama. Itunze karatasi hiyo. Mazungumzo yoyote ya fidia au ya bima yataanzia hapo, na bila karatasi hayana miguu.

Kimeta na mzoga wake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea wakiwa na nia njema.

Kijidudu cha kimeta kikiwa ndani ya mzoga uliofungwa hakina uwezo mkubwa. Kuoza kwenyewe kunakiua ndani ya siku chache. Mzoga ukipasuliwa, kijidudu kikakutana na hewa, kinajigeuza kuwa mbegu ngumu zinazokaa ardhini miongo kadhaa. Kwa hiyo kisu kimoja asubuhi moja kinaweza kulitia sumu eneo la malisho ambalo mjukuu wako atalichungia. Hata daktari mwenyewe hampasui mnyama anayeshukiwa kimeta. Anatoboa sikio, anachukua tone la damu kwenye kioo, basi.

Mpaka aje, fanya hivi. Funika mzoga kwa turubai au matawi ya miiba, mbwa, fisi na tai wasiufikie. Ziba matundu yote ya mwili kwa matambara au pamba, ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki miwili mikononi. Usiuburute: damu inayochuruzika njiani inapanda mbegu njia nzima. Chimba shimo palepale au karibu kabisa, mbali na kisima, mto na mkondo wa mvua. Kina kifike mita 2, ili juu ya mzoga ibaki angalau mita moja ya udongo. Udongo wa juu uliolowa damu uingie shimoni kwanza, na kamba, matandiko na matambara viingie pia. Kisha weka miiba na mawe juu, na uweke alama, kwa kuwa baada ya miaka mitano hakuna atakayekumbuka ni mahali gani. Kuchoma hadi majivu ni bora zaidi pale penye kuni za kutosha, lakini mzoga ulioungua nusu ni mbaya kuliko uliofukiwa.

Kuhusu chokaa: wengi tumezoea kuimwaga. Kwa kimeta, muulize daktari kwanza. Kalsiamu iliyomo inadhaniwa kuzisaidia mbegu hizo kudumu, na dawa kama formalini, itumikapo na mtaalamu, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Ngozi isichunwe. Hilo ndilo gumu kuliko yote, nalijua, kwa sababu ngozi ina bei. Ngozi ya mnyama wa kimeta husafirisha mbegu hadi kwa mtengeneza viatu mjini.

Kama nyama imeshaliwa kabla hujafika, usiwaonee watu aibu wala usiwatishe. Wapeleke zahanati wote, walioila na walioichinja, waeleze wazi. Kidonda cha kimeta kwenye ngozi huanza kama upele unaowasha, kisha kinakuwa na kigaga cheusi katikati, mara nyingi hakiumi. Kwa sababu hakiumi, watu hukipuuza. Kinatibika vizuri kikiwahiwa.

Wanyama waliobaki huchanjwa. Chanjo za kimeta, chambavu, mdondo na nyingine hutengenezwa na TVLA pale Kibaha.

Karantini: inavyowekwa na muda wake

Karantini huwekwa kwa tangazo, likitaja eneo, aina za wanyama na kilichozuiwa. Lisome. Mara nyingi linazuia wanyama kuingia, kutoka na kupita, linafunga mnada, na huenda likazuia nyama mbichi, maziwa, ngozi na hata samadi. Lakini si kila kitu kinazuiwa kila mara: karantini ya nguruwe haizuii ng'ombe, na machinjio ya ndani yanaweza kuruhusiwa chini ya ukaguzi. Uliza kabla hujakata tamaa.

Wafugaji huniuliza, "Mbona karantini ya huyu ni wiki tatu, ya yule ni miezi?" Muda unafuata siku ambazo ugonjwa unaweza kujificha mwilini. Kwa hesabu za kanuni za WOAH, miguu na midomo ni siku 14, homa ya nguruwe 15, kimeta 20, sotoka ya mbuzi 21, mapele ya ngozi 28, na homa ya mapafu ya ng'ombe miezi 6. Hesabu huanza upya kila anapopatikana mgonjwa mpya. Ukificha mgonjwa wa siku ya 19, umeongeza siku za kijiji kizima bila wao kujua.

Wakati wa karantini, toa ombi la maandishi kwa halmashauri kama una dharura ya kweli: malisho yameisha, au maji. Kuhama kwa ruhusa na njia iliyopangwa kunawezekana. Usitumie njia za panya usiku.

Kibali cha kusafirisha

Hata pasipo na mlipuko, mnyama hasafirishwi wilaya hadi wilaya bila kibali. Mtaalamu anamkagua, anaandika idadi, alama, mahali atokako na aendako, njia na gari. Kibali kina muda wake. Kwenye vituo vya ukaguzi njiani kinakaguliwa na kupigwa muhuri, na mnadani, kuanzia mnada wa awali hadi wa upili kama Pugu, mnyama asiye na karatasi ni mashaka.

Makosa ninayoyaona kila mara: kibali cha ng'ombe 20 na kwenye lori wamo 23, kibali cha jana kinatumika wiki ijayo, aliyekagua hakuwaona wanyama kabisa. La mwisho ni kosa letu wataalamu, na linaniuma kulisema. Saini bila kumwona mnyama ni mlango uliofunguliwa kwa ugonjwa na mtu anayelipwa kuufunga. Mfugaji, usikubali karatasi ya namna hiyo hata kama inakuharakishia safari.

Hereni nazo si mapambo. Katika kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Juni 2025 Bariadi, Simiyu, ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku mdondo. Mnyama mwenye hereni aliyechanjwa ana historia, na siku ya mlipuko historia hiyo inaweza kumtofautisha na wengine.

Mbwa aliyeuma mtu

Kichaa cha mbwa kimo kwenye orodha ya sheria, ingawa wengi hawakifikirii kama ugonjwa wa mifugo. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa, kisha hospitali kwa chanjo bila kungoja dalili za mbwa. Kichaa kikishaonekana kwa binadamu, tiba haipo.

Mbwa kama anashikika bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zikiisha, hakuwa anaambukiza siku aliyouma. Kama imelazimu auawe, asipigwe kichwani. Watu humponda kwa rungu na jiwe, kisha wanamleta. Kipimo kinafanywa kwenye ubongo, na ubongo uliopondwa hautoi jibu. Mtoto aliyeumwa anabaki hajulikani alikuwa hatarini au la, na walioumwa wengine hawajui waende hospitali au wakae.

Siku karantini inapofunguliwa

Hufunguliwa kwa tangazo, kama ilivyofungwa. Maneno ya mtaani kwamba "imeisha" hayatoshi, na dereva atakayebeba ng'ombe wako kwa maneno hayo atazuiwa kwenye kizuizi cha kwanza.

Usijaze zizi siku hiyohiyo. Fagia na uchome samadi na matandiko ya wagonjwa, osha mabirika, nyunyizia dawa mbaoni na langoni, liache zizi lipigwe jua. Kwa banda la nguruwe lililopata homa ya Afrika kuwa mkali zaidi: acha wiki sita likiwa tupu, kisha ingiza wawili watatu tu kwanza uwaangalie, na makombo ya hotelini yasiingie tena bandani bila kuchemshwa hadi yatokote nusu saa. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wapya wakae mbali na wenyeji siku 30, wakiwa na chombo chao cha maji.

Na ununue daftari la kurasa 96. Ukurasa mmoja aliyeingia, ametoka kwa nani na kibali namba gani. Ukurasa wa pili aliyetoka na ameenda kwa nani, wa mahari akiwemo. Ukurasa wa tatu aliyeumwa, siku gani, dawa gani. Lining'inie kwenye msumari karibu na mlango, na kalamu imefungwa kwa uzi.